Nyuzi Nne

Kisanduku kilifika saa nne kasorobo asubuhi,
kimefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda,
kutoka chumba cha upasuaji huko Kakamega,
barafu ikigongana ndani kama vikombe vya harusini.
Ogweno akatia sahihi, mimi nikavaa glavu.
Humo, kwenye chachi iliyolowa maji ya chumvi na sukari,
ulikuwamo wewe.
La, si wewe. Ngozi ya tumbo lako,
pana kama kitambaa cha kufunikia kikapu cha mayai.

Jina lako sikupewa. Nimepewa namba,
umri, miaka arobaini na mitatu,
na sahihi yako chini ya karatasi ya ridhaa,
herufi ya mwisho imevutwa ikapita mstari
kama ya mtu anayewahi kuepua sufuria.

Wahenga walisema ngozi ivute ili maji.
Hawakusema ivutwe kwa koleo,
ipigiliwe pini ubaoni,
ikwanguliwe mafuta ya manjano mpaka chini pang'ae,
kisha ipitishwe kwenye wembe
unaobakiza unene wa nywele tano.
Lakini ile haraka waliijua.

Niliona alama ya mkanda wa gaguro kiunoni.
Niliona michirizi ya mimba, mingi, inateremka
kama Nyando ikishaachana na milima.
Sehemu hizo kanuni inasema zikatwe, zitupwe:
zinavujisha, zinadanganya vipimo.
Nilizikata. Sikuzitupa mara moja.

Nusu yako iko kwenye friza, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
imekunjwa katika karatasi ya fedha kama chapati za safari.
Hiyo itadumu miezi. Itazuia
kama mlango unavyozuia hata nyumba ikiwa tupu.
Nusu ya pili nimeiweka kwenye nyuzi nne,
nyuzi za baridi, si za cherehani,
inywe chakula chake chekundu kidogo kidogo,
kwa sababu swali letu linataka ngozi inayojibu,
inayoivunja sumu, au kuigeuza sumu nyingine,
na iliyoganda haijibu kitu.
Nina siku moja nayo. Mbili, nikijidanganya.

Saa mbili usiku stima ikapotea, Milimani nzima hadi Kondele.
Jenereta ikakohoa, ikanyamaza.
Nilikaa sakafuni, mgongo kwenye mlango wa jokofu,
nikimkataza kila mtu kuufungua, nami nikiwemo.
Kipimajoto: nne. Nne na nusu. Tano.

Mama yangu, Turfena, alipulizia mpunga Ahero misimu kumi na tisa,
pampu mgongoni, valvu imekazwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli,
dawa ikimchirizika kwenye pingili za uti wa mgongo.
Jioni alijisugua kwa sabuni ya mche, akasema, "Imetoka."
Hakuna aliyemuuliza iliyobaki ni kiasi gani.
Ngozi yake ilizikwa na majibu yake.

Ndilo ninalokuuliza wewe, mama wa Kakamega usiyenijua:
tone moja la dawa ileile juu yako,
chini yako maji ya vuguvugu ndani ya kikombe cha kioo,
na mimi nikichota kila baada ya saa mbili mpaka kuche,
nione kilichopenya.

Stima ilirudi saa tano na robo.
Nilikata kipande kidogo kama ukucha wa mtoto,
nikakitia kwenye rangi ya manjano ambayo hugeuka
pale tu seli zinapokuwa bado zinapumua.
Ogweno akaniambia nikalale, tutaagiza nyingine.
Nyingine. Kana kwamba ni kreti ya soda.

Kwenye daftari kuna safu mbili: Hai. Si hai.
Kalamu nilikuwa nimeshaiweka juu ya ile ya pili.
Saa nane na dakika kumi, pembeni mwa kipande,
polepole, kwa aibu kidogo,
zambarau,
ile ya ulimi wa mtoto
anayeapa hajapanda mti wa jirani.